Fishiye moja, tarehe mbili: tusihukumu mtu juu ya saa ya kompyuta

Siku hizi koperative nyingi hazihesabu tena kwa kalamu na daftari peke yake. Kituoni, pembeni ya mizani, kuna kompyuta ndogo. Mu biro kuna ingine. Katikati kuna diski ya pamoja: kisanduku kinachounganishwa na kompyuta zote kwa waya au kwa wifi, ili kila mmoja aone liste zilezile za mapokezi, za malipo na za mbegu. Kazi imekuwa nyepesi, na hilo ni jambo zuri.

Lakini pamoja na diski ya pamoja kumeingia ugomvi wa namna mpya. Mtu anafungua fishiye, anaangalia tarehe iliyoandikwa pembeni yake, na anasema: "Hii liste iliguswa kisha kufunga hesabu. Angalieni saa!" Mwingine ako na kopi ya liste ileile ku flashi yake, na pale saa ni ingine. Kila mmoja anaonyesha kompyuta kama shahidi. Pale pale kunaanza maneno ya wizi.

Makala hii inaeleza kwa nini fishiye moja inaweza kuonyesha tarehe mbili, hata tatu, bila mtu yeyote kudanganya. Inaeleza pia mambo ambayo tarehe haiwezi kueleza, na namna ya kupanga kazi ili ugomvi huo usiingie katika koperative yenu.

Mfano: kilo 62 za mwanamemba mmoja

Tuchukue koperative ya mfano, ya kahawa, pande za Kivu. Kanuni yake inasema liste ya siku inafungwa saa kumi na moja na nusu jioni (17h30). Atakayeleta kahawa kisha saa ile ataandikwa kesho yake.

Tarehe 4 mwezi wa 3, sekretere wa kituo anamaliza liste saa kumi na moja kamili (17h00). Jina la mwisho ni la mama mmoja aliyeleta kilo 62. Sekretere anaweka kopi moja ku flashi ya prezida. Jioni anafika mu biro na kompyuta yake, anaiunganisha na wifi, anakopi liste ku diski ya pamoja.

Kisha siku chache, komite ya ukaguzi inafungua diski ya pamoja. Pembeni ya ile liste kumeandikwa 18h00. Ni nusu saa kisha kufunga! Mkaguzi anaona jina la mwisho, kilo 62, na anafikiri: hili jina liliongezwa. Malipo ya yule mama yanasimamishwa. Sekretere anaitwa ajieleze. Prezida anatoa flashi yake: pale inaonyesha 17h00. Sasa wanasema flashi nayo imebadilishwa.

Hakuna aliyeongeza jina. Hakuna aliyegusa fishiye. Kosa ni saa moja kamili, na lilitoka mu kompyuta ya sekretere. Tuone namna gani.

Inchi moja, saa mbili

Inchi yetu ni kubwa, iko na maeneo mawili ya saa. Kinshasa na mikoa ya magharibi wako saa moja mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Sisi wa mashariki, Nord-Kivu, Sud-Kivu, Ituri, Maniema, Tshopo, pamoja na Katanga yote na Kasai, tuko saa mbili mbele. Kinshasa ikiwa saa nne asubuhi (10h00), Bukavu ni saa tano (11h00). Wenzetu wa Rwanda na Burundi wako na saa yetu. Uganda, Kenya na Tanzania wako saa moja mbele yetu.

Kompyuta inabeba vitu viwili: saa, na eneo la saa (kwa Kifaransa, fuseau horaire). Ndani yake, fishiye nyingi haziandikwi kwa saa ya Goma wala ya Kinshasa. Zinaandikwa kwa saa ya dunia. Wakati wa kuonyesha, kompyuta inaongeza masaa ya eneo lake. Kwa hiyo fishiye moja iliyo ku diski ya pamoja inaweza kuonyesha 14h00 ku kompyuta iliyowekwa saa ya Kinshasa, na 15h00 ku kompyuta iliyowekwa saa ya Lubumbashi. Fishiye haikuguswa. Ni macho mawili yanaangalia kitu kimoja.

Sasa turudi kwa sekretere wetu. Kompyuta yake iliwekwa programu na fundi aliyechagua eneo la «Bruxelles, Copenhague, Madrid, Paris», kama inavyofanyika mara nyingi na programu za Kifaransa. Mwezi wa tatu mwanzoni, Ulaya bado iko saa moja tu mbele ya saa ya dunia. Kompyuta ilikuwa inaonyesha saa moja nyuma ya saa ya hapa. Sekretere alifanya kile ambacho wengi wanafanya: alisogeza mishale kwa mkono mpaka saa ikafanana na ya simu yake. Eneo hakuligusa.

Hapo ndipo shida ilianzia. Ku kioo chake saa ni sawa, 17h00. Lakini kompyuta inafikiri iko Bruxelles, kwa hiyo inatoa saa moja tu, na inaandika saa ya dunia 16h00. Kwa kweli ilikuwa 15h00. Kompyuta ya biro, ambayo imewekwa vizuri, inasoma 16h00, inaongeza masaa mawili yake, na inaonyesha 18h00. Kila mashine ilifanya hesabu yake bila kukosea. Ile ya kwanza ilianzia ku namba isiyo ya kweli.

Na jambo hili linajificha. Siku ya mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu, Ulaya inasogeza saa yake mbele, mpaka siku ya mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi. Katika miezi hiyo Bruxelles inakuwa sawa na Bukavu, na tofauti inapotea yenyewe. Ndiyo maana watu wanasema: "Mwaka jana mwezi wa sita hatukuona shida." Ni kweli hawakuona. Itarudi mwezi wa kumi na moja.

Kwa nini flashi ilisema ingine

Flashi nyingi zinatumia mpango wa kuandika wa zamani, unaoitwa FAT. Mpango huu haujui saa ya dunia. Unaandika saa ileile iliyokuwa inaonekana ku kioo, basi. Sekretere aliona 17h00, flashi iliandika 17h00, na popote itakapofunguliwa itaonyesha 17h00, ikiwa Kinshasa, Goma ao Kampala.

Kwa hiyo katika mfano wetu flashi ya prezida ndiyo ilisema kweli, lakini ni kwa bahati. Kama sekretere angeacha kompyuta ionyeshe saa ya nyuma bila kuisahihisha, ni diski ya pamoja ndiyo ingesema kweli na flashi ndiyo ingekosea. Hapana kusema kwamba flashi ni bora kuliko diski, ao diski kuliko flashi. Ni kusema kwamba kila moja inaandika kwa namna yake.

Flashi ya FAT iko na tabia ingine: inahesabu sekunde mbili kwa mbili. Fishiye iliyoandikwa sekunde ya 37 haiwezi kuwa 37 ku flashi, itasogezwa. Programu za kukopi zinaweza kuona tofauti hii na kuuliza kama fishiye mpya iko juu ya ya zamani, wakati ni ileile.

Tarehe iko ngapi? Ziko zaidi ya moja

Ukibonyeza fishiye na kufungua «Propriétés», utaona tarehe kadhaa. Mbili ndizo zinaleta ugomvi: «Créé le» na «Modifié le».

«Modifié le» ni siku maandishi ya ndani yalibadilishwa mara ya mwisho. Ukikopi fishiye kwa Windows, tarehe hii inasafiri pamoja na kopi. «Créé le» ni siku ile kopi ilizaliwa pale ilipo sasa. Haisafiri. Ukikopi leo liste ya mwaka jana ku diski ya pamoja, itaonyesha kwamba ilibadilishwa mwaka jana na ilizaliwa leo. Mtu anashangaa: mtoto alipataje kubadilika mbele ya kuzaliwa? Lakini hiyo ni alama ya kawaida ya kopi. Haionyeshi wizi.

Fishiye iliyopita ku WhatsApp ao ku barua ya intaneti ni jambo lingine. Mara nyingi ikifika inaandikiwa tarehe ya siku ilipopokelewa. Liste ishirini za msimu mzima, zilizotumwa siku moja, zitaonyesha zote siku moja. Hakuna aliyeziandika usiku mmoja.

Na saa ya nani inaandikwa? Ukifungua fishiye moja kwa moja ku diski ya pamoja, ukaandika na kuihifadhi paleple, mara nyingi ni saa ya kisanduku cha diski ndiyo inaandikwa, hata kama saa ya kompyuta yako ni ingine. Ukiiandika ku kompyuta yako kisha ukaikopi, ni saa ya kompyuta yako ndiyo inasafiri. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi mu biro moja, siku moja, wanaweza kuacha alama za saa mbili.

Miaka ya ajabu: 1970, 1980

Munaweza kukuta fishiye ya kahawa ya mwaka huu inaonyesha mwaka 1980, ao 1970. Msicheke, na musiogope.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, kama ya saa ya mkono. Mara nyingi ni ile inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kushika saa wakati mashine imezimwa. Betri ikiisha, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma ku siku ya mwanzo ya mashine, miaka mingi iliyopita. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri kubwa, mahali jenereta inazimwa kila jioni, shida hii inaonekana kila asubuhi.

Visanduku vidogo vya wifi vyenye kuunganishwa diski viko na udhaifu mkubwa zaidi. Vingi havina kabisa betri ya saa. Vikiwashwa, vinauliza saa ku intaneti. Kama hakuna forfait siku ile, ao reseau imepotea, kisanduku kinaendelea na saa yake ya kuzaliwa. Mashine nyingi za namna hii zinaanza kuhesabu tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1970. Mpango wa FAT wa flashi, wenyewe, unaanzia mwaka 1980. Kwa hiyo ukiona mwaka mojawapo ya hii miwili, ujue mashine ilikuwa haijui siku.

Hata simu inaweza kupotosha. Kwa wale wa Kasindi, Bunagana na pande zingine za mpaka wa Uganda, simu ikishika reseau ya ng'ambo inaweza kusogeza saa yake yenyewe mbele kwa saa moja. Ukisahihisha kompyuta kwa kuangalia simu ile, umeingiza kosa.

Na kuna kosa lisilo la mashine. Kompyuta ya Kifaransa inaandika siku kwanza, kisha mwezi. Ya Kimarekani inaandika mwezi kwanza. 04/03 ni tarehe 4 mwezi wa tatu kwa moja, na tarehe 3 mwezi wa nne kwa ingine. Kati ya hizo mbili kuna mwezi mzima, na bei ya kahawa inaweza kuwa imebadilika.

Namna ya kusoma alama

Mbele ya kumuita mtu, komite iangalie tofauti ni ya namna gani:

– Saa moja kamili, dakika zilezile: karibu kila mara ni eneo la saa.
– Sekunde moja ao mbili: ni flashi.
– Mwaka wa zamani sana: ni betri imekufa, ao kisanduku kilikosa intaneti.
– «Créé le» iko mbele zaidi kuliko «Modifié le»: fishiye ilikopiwa.
– Fishiye nyingi za siku moja: zilipakuliwa ao zilitumwa pamoja.
– Siku na mwezi vimegeuzana: ni namna ya kuandika tarehe.
– Dakika tatu, saba, kumi na moja: saa ya mashine imechelewa kidogo kidogo, kama saa yoyote ya ukutani.

Sasa jambo la muhimu kuliko yote. Alama hizi zinaonyesha kwamba tarehe peke yake haimfungi mtu. Lakini haimfungui pia. Mwenye nia mbaya anaweza kurudisha saa ya kompyuta nyuma siku mbili, akabadilisha kilo, akahifadhi, kisha akarudisha saa mahali pake. Fishiye itaonyesha tarehe nzuri sana. Kwa hiyo komite isiseme "tarehe ni sawa, basi hesabu ni sawa." Kama kilo za fishiye mbili hazifanani, acheni tarehe, fungueni karatasi.

Katika mfano wetu, risiti ya yule mama ndiyo ilipaswa kuangaliwa siku ya kwanza. Iko na namba. Namba ya mbele yake na ya kisha yake ziko mu kitabu cha mapokezi. Kama namba zinafuatana na kilo 62 zimeandikwa pale, na sahihi ya mpimaji iko, hakuna haja ya kubishana na kompyuta. Alipwe.

Kazi sita za kufanya mbele ya msimu

1. Wekeni eneo la saa ku kompyuta zote siku moja. Bonyeza saa kwa upande wa kuume wa kipanya, chagua «Ajuster la date et l'heure». Ku liste ya maeneo hamutaona Bukavu wala Lubumbashi. Sisi wa mashariki tunachagua «(UTC+02:00) Harare, Pretoria». Kinshasa wanachagua «Afrique centrale - Ouest». Kisha ndipo musahihishe saa. Eneo kwanza, saa nyuma.

2. Angalieni saa ya kisanduku cha diski pia, si kompyuta tu. Kama hamujui mahali inapoonekana, hifadhini fishiye ya majaribio ku diski na muone saa gani inaandikwa. Muilinganishe na saa ya ukutani.

3. Badilisheni betri ndogo ya kompyuta inayopoteza saa. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

4. Andikeni tarehe ku jina la fishiye, mukianza na mwaka: 2024-03-04_mapokezi_kituo-2. Jina halibadiliki kwa eneo la saa, linasafiri ku flashi na ku WhatsApp, na fishiye zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Andikeni tena tarehe na saa ya kufunga ndani ya liste, ku mstari wa mwisho.

5. Liste ikifungwa, ichapwe ao iandikwe ku kitabu, jumla ya kilo na hesabu ya majina, na watu wawili waweke sahihi: mpimaji na mwanamemba mmoja aliyekuwapo. Kama hakuna mashine ya kuchapa, jumla peke yake inatosha. Mtu akiongeza jina baadaye, jumla itamkamata.

6. Fishiye iliyofungwa isifunguliwe tena kwa kusahihisha. Kama kuna kosa, fungueni liste mpya ya masahihisho, na sababu yake iandikwe. Liste ya kwanza ibaki vile ilivyo.

Ku fishiye za Excel munaweza pia kufungua «Fichier», kisha «Informations». Pale kunaonekana tarehe iliyoandikwa ndani ya fishiye yenyewe, na jina la mtumiaji aliyehifadhi mara ya mwisho. Habari hii inasafiri na fishiye hata ikipita ku flashi. Inasaidia, lakini nayo inatoka ku saa ya kompyuta, na jina ni lile la mtumiaji lililowekwa ku kompyuta: kama wote wanatumia kompyuta moja, jina linaweza kuwa moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Katika koperative yetu, ni nani anaruhusiwa kuandika ku diski ya pamoja? Ni nani anasoma tu?
– Kompyuta zetu zote zinaonyesha saa gani sasa hivi? Eneo lao ni gani?
– Liste ya mapokezi ikipotea ku kompyuta, tuko na karatasi ya kutosha ya kulipa wanamemba wote bila ugomvi?
– Mwanamemba akisimamishiwa malipo juu ya liste, ni siku ngapi komite iko nazo za kuangalia risiti yake na kumjibu?

Leteni majibu yenu ku mkutano mkuu unaofuata, na yaandikwe mu prose-verbali.